Damu ya Mzee Haichuji

"Kaka, samahani, kuna mzee amekaa ndani ya gari langu na hataki kushuka."

Simu ilianza hivyo. Sauti ya mwanamke, namba siijui, na mimi niko kazini nimeshika kipande cha sponji nakibonyeza nione kama kinarudi.

"Mzee gani?"

"Sijui. Nimetoka duka la dawa nimemkuta kiti cha nyuma. Kafunga na mkanda. Ananiambia nimechelewa, twende nyumbani."

"Na namba yangu umeipata wapi?"

"Imeshonwa kwenye kola ya shati lake."

Sponji ikaniponyoka.

Alikuwa baba yangu.

Nilimkuta ametulia tuli, mikono juu ya magoti, kama abiria aliyekata tiketi ya kwenda na kurudi. Mwenye gari alikuwa amesimama nje, funguo mkononi, anachekacheka kwa haya.

"Baba, shuka. Hili siyo letu."

Akaangalia siti. Akaangalia mlango. "Si jeupe?"

"Ni jeupe, ila siyo letu."

"Basi letu lina tofauti gani?"

Jamani! Gari langu lilikuwa pale nyuma kidogo. Jeupe. Kando yake jeupe. Mbele yake jeupe. Mtaa mzima ulikuwa kama meno ya bandia.

Ngoja nijieleze, nisije nikaonekana nimeingia hadithi bila kupiga hodi.

Mimi ni afisa ugavi wa kiwanda cha magodoro. Diploma yangu ni ya kununua vitu. Watu hudhani kwenye kiwanda cha magodoro watu wanalala kazini. Wanaolala ni mabosi, sisi wengine tunayabeba tu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Watoto wa mji huu, karibu wote, wamekalia mshono wake.

Nyumbani naitwa Kifungo. Nilipokuwa mdogo nilimeza kifungo cha koti la mteja, baba akamwambia yule mteja, "Usijali, kesho kitarudi." Jina likanigandia mpaka leo. Mke wangu naye huniita hivyo akitaka kitu.

Mama alishatangulia. Baba akahamia kwetu. Kisha akaanza kupotea huku amekaa sebuleni.

Daktari alitueleza kwamba akili yake inafutika. Mambo ya juzi yanaanza kuondoka, ya zamani yatafuata. Alisema kwa upole mno. Daktari akiwa mkali, ujue dawa ipo. Akiwa mpole, jiandae.

Furaha pekee aliyobaki nayo ilikuwa kwa kinyozi. Tunampeleka, ananyolewa zile nywele chache, halafu anakaa kwenye benchi la nje anasalimia wapita njia. Kinyozi alikuwa mtu wa subira, ananyoa hata pasipo na cha kunyoa. Tatizo lilikuwa gari likitokea. Jeupe lolote likisimama, baba ananyanyuka, anafungua mlango, anaingia.

Mara nyingine watu walicheka. Yule dada wa duka la dawa alicheka.

Bwana mmoja hakucheka.

Huyo alikuwa anapakia maboksi, akageuka akaona mtu ndani ya gari lake, akapiga ukelele: "Mwizi!" Nanyi mnajua neno hilo likitamkwa barabarani, watu hawaulizi jina. Walimvuta baba kwa mkono wa shati hadi ukachanika begani. Kama siyo kinyozi kutoka na mkasi wake anapiga kelele, ningekuwa nasimulia msiba.

Nilipofika baba alikuwa amekaa chini, anakagua pale palipochanika.

"Mshono haujaachia," aliniambia kwa fahari. "Kitambaa ndicho kimeshindwa."

Siku ile mke wangu alimpangusa vumbi, akamlaza, akaja jikoni nilipokuwa.

"Kifungo, mara nyingine watamuua."

"Najua."

"Basi tumfungie ndani?"

Mtu aliyezoea kusalimia mtaa mzima umfungie akaisalimie friji?

Sasa, gari letu lenyewe lilikuwa linakohoa kuliko baba. Tulikuwa tumeshakubaliana tuchukue jipya. Likabaki swali la rangi, na kwa rangi, ndugu zangu, kila mtu ni profesa.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana gari jeupe, viatu vyeupe na maoni ya kila aina. Alikuja na hotuba kabisa.

"Shemeji, rangi ya gari siyo mapenzi, ni akili. Jeusi litakupikia familia. La kijivu jioni halionekani, utagongwa. Jekundu linachuja juani. Jeupe halina mambo. Likikwaruzwa, kila fundi ana rangi yake. Ukilichoka, kesho lina mtu."

"Na vumbi?"

"Vumbi unapangusa! Au nyumbani kwako hakuna kitambaa?"

Mke wangu akatikisa kichwa kuafiki. Na mimi, kwa diploma yangu, nilijua jamaa anasema kweli tupu. Ingekuwa ni kazini, ningejaza "nyeupe" kwenye fomu bila kuinua kichwa.

Tukaenda yadi ya magari na kile kikohozi chetu. Dada wa yadi akatutolea kadi ya rangi, vipande vidogo vidogo vimepangwa kama vya duka la vitambaa. Kidole changu kikatembea, kikapita nyeupe, kikapita fedha, kikasimama kwenye ule wekundu mzito uliokolea mpaka unakaribia weusi.

"Hii je?"

"Hiyo inaitwa..." Akasoma jina la kigeni, refu kama la mfalme.

"Kwetu hiyo ni damu ya mzee."

Akacheka. "Hata kwetu. Ila kaka, nikwambie ukweli, hiyo haitoki. Hakuna anayeichukua. Itabidi usubiri iletwe."

"Umewahi kuiona mjini humu?"

"Kwenye gari? Hapana."

"Basi hiyo hiyo."

Mke wangu akanivuta pembeni. "Wewe, umerogwa?"

"Mama watoto, hebu tazama nje ya dirisha. Niambie gari letu ni lipi."

Akatazama. Tulikuwa tumekuja nalo muda si mrefu, na yeye ana akili zake zote, tena na za akiba. Alitafuta. Akaonyesha moja, akajirudi. Akaonyesha jingine.

Kisha akaacha dirisha.

"Dada," akamwita yule wa yadi, "tuandikie la damu ya mzee."

Shemeji aliposikia alisusa chakula chetu. Alirudi kabla hakijapoa, lakini alisusa.

Gari lilipofika nilimtoa baba nje nikamsimamisha mbele yake. Alilizunguka polepole. Halafu akafanya kitu nilichokiona maisha yangu yote dukani kwake: akaweka kidole gumba na cha shahada kwenye boneti, akajaribu kuibana, kama mtu anayepima kitambaa.

"Damu ya mzee," akasema. Sikuwa nimemwambia.

"Ndiyo, baba."

"Nimeshona sketi nyingi za rangi hii. Haichuji?"

"Haichuji."

"Wote husema haichuji," akasema, na akatabasamu. Alikuwa yeye mwenyewe kabisa. Nilitamani nimkunje nimweke mfukoni vile vile alivyo.

Nikaanza darasa. Kila asubuhi, kabla ya chai, namkalisha.

"Baba, gari letu rangi gani?"

"Damu ya mzee."

"Ukitoka kwa kinyozi unapanda lipi?"

"Damu ya mzee."

"La jeupe likisimama?"

"Siingii."

"Mtu akikuita, hata akikuita kwa jina, akuambie twende?"

"Siendi. Naenda na damu ya mzee."

"Nani kakwambia?"

"Mwanangu."

Na ikashika! Haki ya Mungu ilishika. Asiyekumbuka kama amekula, hilo alilikumbuka. Magari meupe yakawa yanasimama mbele ya benchi lake, anayatazama kwa dharau kama muuza nyama anavyotazama mchicha. Yakitokea yangu tu, ananyanyuka mwenyewe, anafungua mlango wa nyuma, anajifunga mkanda.

Mke wangu alilia kwa furaha. Shemeji akasema, "Sawa, lakini litachuja."

Nilijiona nimemshinda daktari.

Kwa hiyo dalili nyingine sikuziangalia. Au niliziangalia nikazicheka, maana kwetu kila kitu kinachekwa kwanza.

Siku moja nilimkuta kwenye benchi anawaonyesha watu gari. "Mnaiona ile? Ile ni damu yangu."

"Damu ya mzee," kinyozi akamsahihisha.

"Mzee si mimi?" baba akamjibu. "Basi ni damu yangu. Inakuja kunichukua kila mara. Hainitupi."

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikasema mzee bado ana maneno!

Siku nyingine, njiani, akanigusa bega kutoka kiti cha nyuma.

"Dereva, punguza mwendo."

"Sawa, bosi," nikajibu, na nikamshikia mlango tulipofika. Alinishukuru kwa heshima zote. Basi ikawa mchezo wetu. Yeye bosi, mimi dereva. Asubuhi namfundisha rangi, jioni namwendesha. Watoto wangu walifurahia sana, nao wakaanza kuniita dereva.

Nilidhani tunacheza wote wawili.

Kisha mtu akalikwaruza gari langu akakimbia. Mlango wa nyuma wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikalipeleka kwa fundi wa rangi, akapaka ile rangi ya chini ya kijivu, akaniambia ya juu haipo, itafutwe. Shemeji alikuwa na haki ya kusema "nilikwambia". Aliitumia yote. Kisha akaniazima lake, maana roho yake ni nzuri, mdomo tu ndio umejitegemea.

Asubuhi ile, kabla gari la shemeji halijafika, nilimpeleka baba kwa kinyozi kwa miguu, tukitembea taratibu, tumeshikana mikono. Jioni mvua ikashuka. Nikaja kumchukua na gari la shemeji.

Jeupe pee.

Baba alikuwa amesimama chini ya kibaraza cha kinyozi pamoja na watu wengine waliojikinga mvua. Nikasimamisha, nikashuka.

"Baba, twende."

Akaangalia gari. Akaniangalia. Akarudi nyuma hatua.

"Siendi."

"Baba, ni mimi. Gari liko kwa fundi. Twende, mvua inazidi."

"Siendi. Naenda na damu ya mzee."

Nikamshika mkono. Akauvuta. Nikamshika tena, na hapo ndipo nilipokosea, maana alipiga kelele. Kelele za mtu anayeogopa kweli.

Watu wakageuka. Jamaa mmoja mwenye mabega kama kabati akasogea.

"Wewe, mzee wa watu unampeleka wapi?"

"Ni baba yangu."

"Mzee, huyu ni mwanao?"

Baba akanitazama usoni. Alinitazama vizuri, kwa utaratibu, bila haraka. Nilisubiri.

"Hapana," akasema.

Kabati likanikamata kola. Pale pale ambapo kwenye shati la baba nilishona namba yangu.

"Baba!" nikapiga kelele, mvua inaniingia mdomoni. "Mimi ndiye damu ya mzee! Mimi!"

"Damu ya mzee ni nyekundu," baba akawaeleza watu, kwa sauti ya mwalimu. "Huyu amekuja na jeupe."

Kinyozi akatoka mbio, mashine bado inanguruma mkononi. "Mwachieni, ni mwanawe! Namjua!"

"Mwanangu ni mtoto," baba akasema. "Anaitwa Kifungo. Alimeza kifungo."

"Mimi ndiye Kifungo, baba."

Akacheka. Akanyoosha kiganja usawa wa kiuno chake. "Kifungo yuko hivi. Wewe una kipara."

Watu wakacheka.

Halafu baba akamgusa yule jamaa begani. "Mwachie, bwana. Siyo mtu mbaya. Ni dereva wetu, namfahamu. Ila leo hana gari, na mwanangu aliniagiza niondoke na damu ya mzee tu. Neno la mwanangu silivunji."

Ndivyo nilivyoachiwa. Niliponea udereva.

Kinyozi akamkalisha ndani. Nikaendesha lile jeupe mpaka kwa fundi wa rangi. Gari langu lilikuwa limebandikwa magazeti kwenye vioo, mlango wa kijivu mtupu.

"Bosi, halijakauka!"

"Nipe funguo."

"Litaharibika!"

"Fundi, nipe funguo."

Nikabandua magazeti kwenye kioo cha mbele nione njia, mengine nikayaacha yanapepea. Nilirudi kwa kinyozi nikiwa kama mtu aliyeiba gari kwenye duka la magazeti.

Baba aliliona kabla sijasimama. Uso wake ukafunguka. Akaingia mvuani mwenyewe, hataki hata kushikwa. Akafika kwenye mlango wa nyuma, akauona ule ukijivu, akasimama.

Akaweka kiganja.

"Nani kakuchubua hivi?" akauliza kwa sauti ya chini. Alikuwa anaupapasa ule mlango kama goti la mtoto aliyeanguka. "Pole. Pole, mwanangu."

Nami nilikuwa nimesimama pembeni yake, nimelowa chapachapa, nimeshika funguo.

"Pole, mwanangu," akarudia. Akalibusu gari.

Kisha akaingia, akafunga mkanda, kiganja chake kimejaa rangi mbichi.

Tukaondoka. Wiper inakwenda, inarudi. Mbele kidogo akanigusa bega.

"Dereva."

"Naam, mzee."

"Una watoto?"

"Ninao."

"Wanakujua?"

"Wananijua, mzee."

"Bahati yako." Akageukia kioo cha pembeni, ambacho hakikuonyesha kitu, kimebandikwa gazeti. "Mimi Kifungo hajaja kuniona kitambo. Gari analileta, mwenyewe haji."

Nikapunguza mwendo.

"Ukimwona mwambie aje," akasema. "Mwambie sitamgombeza kwa kile kifungo. Mteja alishasamehe."

"Nitamwambia, mzee."

Tulipofika nyumbani nilimshikia mlango, akanishukuru, akaingia ndani. Shati langu la kazi lina alama ya vidole vya kijivu begani. Mke wangu anataka kuifua. Nimemkataza.

Mlango ulipakwa, lakini ile rangi mpya haikufanana na ya zamani. Na shemeji alisema kweli: paa limeanza kuchuja. Kwa juu limekuwa rangi ya kitu ambacho hakina jina. Kuna asubuhi baba husimama mbele ya gari anasita kidogo, kisha anaingia. Kule kusita kunaongezeka. Nahisi kunavyoongezeka.

Darasa bado naliendesha. Gari letu rangi gani? Damu ya mzee. Nani kakwambia? Mwanangu. Juzi nilijaribu kuongeza swali moja: na mimi ni nani? Akanihurumia, nikaona anatafuta jibu la kunifurahisha.

"Wewe ni mtu mzuri," akasema.

Basi, wewe unayesoma na unafikiria gari jipya: sikiliza shemeji. Chukua jeupe, halina mambo. Rangi ya gari haimwokoi mtu.

Ila kama nyumbani una mzee anayefutika, na bado kuna asubuhi anazokujua, usimfundishe gari. Nilipokuwa na nafasi nilimfundisha rangi, nikasahau kumfundisha mimi ni nani, kwa sababu nilidhani mtoto hasahauliki. Mfundishe uso wako. Mfundishe ulivyo sasa, na kipara chako. Atakusahau tu, sikudanganyi, lakini angalau usiwe wewe uliyemsaidia kusahau.

Kila kitu kinachuja, ndugu zangu. Hata damu.